Maswali na Majibu: Jiwe la Nyongo Limetengenezwa na Nini?

Katika toleo lililopita tulieleza kazi za ini na jinsi nyongo inavyosaidia kusaga mafuta ya chakula. Barua zilizofuata zilihusu mawe ya nyongo kuliko jambo jingine lolote. Nimechagua zile zinazogusa kemia ya mawe yenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushauri mbaya unaotolewa kuhusu ugonjwa huu inatokana na kudhani kwamba mawe yote ni ya aina moja.

SWALI: Nilipimwa kwa ultrasaundi kwa sababu nyingine kabisa, nikaambiwa nina mawe matatu kwenye kifuko cha nyongo. Mtu mmoja ameniambia kuwa ni mchanga na chokaa nilivyovimeza kwa miaka mingi pamoja na maji ya kunywa. Je, ni mawe kweli, na yametoka wapi?

JIBU: Hayakutoka nje. Mchanga unaomezwa hupita katika utumbo na kutoka kwa njia ya haja kubwa, wala hauna pa kupenya hadi kwenye kifuko cha nyongo. Karibu kila kilichomo ndani ya jiwe la nyongo kilitengenezwa na mwili wenyewe au kilikuwa katika damu, ini likakitoa pamoja na nyongo, kisha kikashindwa kuendelea kuwa katika hali ya umajimaji.

Ini la mtu mzima hutengeneza takriban mililita 500 hadi 1,000 za nyongo kwa siku. Inapotoka kwenye ini, nyongo ni maji kwa karibu asilimia 97. Ukiyaondoa maji hayo na kupima yabisi inayobaki, utakuta kwamba kiasi cha theluthi mbili ni chumvi za nyongo, asilimia 22 hivi ni fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosfeti, ambayo sehemu yake kubwa ni lesithini, asilimia 4 hivi ni protini, asilimia 4 nyingine ni kolesteroli, na chini ya asilimia 1 ni bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na kuvunjwa kwa chembe nyekundu za damu. Yamo pia madini, na lenye uzito katika mazungumzo yetu ni kalsiamu. Inashangaza kwamba viungo vilivyo vichache kabisa katika orodha hiyo, yaani kolesteroli na bilirubini, ndivyo vinavyotengeneza mawe, wakati chumvi za nyongo zilizo nyingi ndizo zinazoyazuia.

Mawe hugawanywa katika makundi matatu kwa kufuata kemia yake. Kundi la kwanza ni mawe ya kolesteroli, yenye rangi ya manjano iliyofifia au ya kijanikijivu, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni kolesteroli. Yaliyo safi kabisa ni machache. Mengi yana tabaka za kolesteroli zilizopishana na bilirubini na chumvi za kalsiamu. Katika nchi za Ulaya na Marekani mawe ya kundi hili ni robo tatu au zaidi ya mawe yote. Kundi la pili ni mawe meusi, ambayo ni bilirubini iliyoungana na kalsiamu na kugeuka kuwa polima ngumu, yaani mnyororo wa molekyuli nyingi zilizoshikamana. Kundi la tatu ni mawe ya kahawia, laini kiasi cha kuweza kupondwa kwa vidole, ambayo huzaliwa zaidi kwenye mirija ya nyongo palipoingia bakteria. Nitarudi kwa kila kundi katika majibu yanayofuata.

Kwa ukubwa, yapo yasiyozidi punje ya mchanga na yapo yanayofikia sentimita kadhaa. Yakiwa mengi hubanana yanapokua, yakapata nyuso bapa na kona. Mengine hupasuka katikati na kujaa gesi ndani ya nyufa, na daktari anaweza kuiona gesi hiyo kwenye eksirei hata kama jiwe lenyewe halionekani.

Kwa kuwa mawe yako yaligunduliwa kwa bahati na huna maumivu, jua kwamba watu wengi wenye mawe huishi nayo bila dalili yoyote, na kwa kawaida madaktari hawayagusi mawe ya namna hiyo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanafahamu kwamba kolesteroli haimumunyuki katika maji. Sasa, ikiwa nyongo ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kolesteroli hukaaje humo bila kujitenga, na ni kitu gani hutokea siku inapojitenga?

JIBU: Mwalimu, swali lako ndilo kiini cha jambo lote, na litahitaji jibu refu kuliko mengine.

Fomula ya kolesteroli ni C27H46O. Molekyuli hiyo ina pete nne za kaboni na mkia wa haidrokaboni, na katika ukubwa wake wote ina kikundi kimoja tu cha haidroksili kinachopatana na maji. Ikiachwa peke yake katika maji hujitenga karibu yote. Ini hutatua tatizo hilo kwa kuitoa kolesteroli pamoja na vibebaji viwili. Cha kwanza ni chumvi za nyongo, ambazo ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli hiyohiyo kwa kuiongezea vikundi vya haidroksili, kuukata mkia wake na kuuacha na asidi mwishoni, kisha kuiunganisha asidi hiyo na glisini au taurini. Molekyuli inayopatikana ina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoyakimbia. Cha pili ni lesithini, yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta.

Chumvi za nyongo zinapofikia ukolezi fulani hujikusanya katika vikundi vidogo vinavyoitwa miseli, pande zinazokimbia maji zikiwa ndani na zinazoyapenda zikiwa nje. Ndivyo sabuni inavyofanya inapoondoa mafuta kwenye sahani. Lesithini ikijipachika katika miseli hizo, nafasi ya kubeba kolesteroli huongezeka sana. Kolesteroli isiyopata nafasi katika miseli husafiri katika viputo vidogo mno vyenye kuta za lesithini. Kwa hiyo nyongo ina njia mbili za uchukuzi, na kolesteroli huhama kutoka moja kwenda nyingine kadiri mchanganyiko unavyobadilika.

Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Admirand na Small, walionyesha jambo hili kwa mchoro wa pembetatu ambao mpaka leo hutumika kufundishia. Kila upande wa pembetatu huonyesha sehemu ya kiungo kimoja kati ya vitatu: chumvi za nyongo, lesithini na kolesteroli. Ndani yake kuna eneo dogo ambamo kolesteroli yote humumunyuka, na nje ya eneo hilo nyongo huwa imebeba kolesteroli kupita uwezo wake. Ubora wa mchoro huo ni kwamba unatulazimisha kutazama uwiano. Nyongo inaweza kuvuka mpaka kwa sababu kolesteroli imezidi, au kwa sababu chumvi za nyongo zimepungua, au kwa sababu lesithini ni haba, na njia zote tatu zimethibitishwa kwa wagonjwa. Wapo, kwa mfano, watu waliorithi kasoro katika jeni ya ABCB4, ambayo kazi yake ni kuipitisha lesithini kutoka kwenye seli za ini hadi katika nyongo, na baadhi yao hupata mawe ya kolesteroli wakiwa bado vijana.

Hata hivyo, kuzidiwa na kolesteroli peke yake hakutoshi. Watu wengi wana nyongo iliyovuka mpaka huo na hawapati jiwe maisha yao yote. Hapa tunaingia katika hatua ya pili, ya kuzaliwa kwa fuwele. Kifuko cha nyongo hunyonya maji na kuikoleza nyongo mara tano hadi kumi, au hata zaidi. Nyongo inapokolea, miseli huongezeka na kuvuta lesithini kutoka kwenye viputo kwa kasi kuliko zinavyovuta kolesteroli. Viputo vinabaki na kolesteroli nyingi na lesithini kidogo, vinakosa uthabiti, vinagandana na kuungana, na kwenye kuta zake hujipanga molekyuli za kolesteroli zikiwa zimeshika maji. Fuwele inayozaliwa, yaani kolesteroli yenye molekyuli moja ya maji kwa kila molekyuli moja yake, ikitazamwa kwa hadubini huonekana kama kibao chembamba chenye pembe nne, na mara nyingi pembe mojawapo imemeguka.

Kinachoamua kama fuwele zitazaliwa kwa siku chache au kwa muda mrefu zaidi ni ute unaotolewa na kuta za kifuko. Ute huo una protini kubwa zilizofunikwa kwa sukari, ziitwazo musini, na katika nyongo yenye kolesteroli kupita kiasi hutolewa kwa wingi. Musini hutengeneza utando unaonata, ambao huzishika fuwele changa, bilirubini na kalsiamu. Hapo ndipo linapoanza lile linaloitwa tope la nyongo, ambalo huonekana kwenye ultrasaundi likiwa limetuama chini ya kifuko. Ukilipasua jiwe la kolesteroli, katikati yake utakuta mabaki ya musini na bilirubini, dalili ya mahali lilipoanzia.

Hatua ya tatu ni nyongo kukaa mahali pamoja bila kutoka. Kifuko chenye afya hukamuliwa baada ya mlo, kwa amri ya homoni ya kolesistokinini inayotolewa na utumbo mdogo, na fuwele hutupwa nje zikiwa bado vumbi. Kifuko kilicholegea huziacha zikae, na kinacholeta ulegevu huo kwa sehemu ni kolesteroli yenyewe, ambayo hujipenyeza katika misuli ya kuta zake na kuipunguzia nguvu ya kujikaza. Ukitaka wanafunzi wakumbuke jambo moja, waeleze kwamba hatua hizi tatu husukumana, kwani kolesteroli iliyozidi huleta ute, ute hushika fuwele, na misuli iliyodhoofika huzipa muda wa kukua.

Kuhusu kasi ya kukua, zimo hesabu za kuvutia zilizochapishwa mwaka 1986. Majaribio ya silaha za nyuklia angani katika miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni 14, aina ya kaboni yenye mnururisho, katika hewa, na kupitia chakula kaboni hiyo ikaingia katika kolesteroli ya watu. Kwa kupima tabaka za mawe yaliyotolewa kwa upasuaji, watafiti walikadiria kwamba mawe hayo yalikua kwa wastani wa milimita 2.6 kwa mwaka, na kwamba miaka ipatayo minane ilikuwa imepita kati ya kuanza kwake na kuanza kwa dalili. Nadhani somo la isotopu halitapata mfano bora kuliko huo.

SWALI: Kipimo cha damu kinaonyesha kolesteroli yangu iko sawa. Nimepunguza uzito sana mwaka huu kwa kujinyima chakula, na sasa naambiwa nina mawe ya kolesteroli. Inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana, na huenda kujinyima huko ndiko kulikochangia. Kolesteroli ya damu husafiri ndani ya vifurushi vya mafuta na protini, na kiwango chake cha jumla hakituelezi sana kuhusu kilichomo katika nyongo. Kinachohusiana zaidi na mawe ni kuwa na trigliseridi nyingi, yaani mafuta ya kawaida, katika damu pamoja na upungufu wa ile kolesteroli iitwayo nzuri, hali inayoambatana na unene na kisukari cha aina ya pili. Zipo hata dawa za kushusha mafuta ya damu, za kundi la faibreti, ambazo huongeza kolesteroli inayopelekwa kwenye nyongo na kwa hiyo huongeza uwezekano wa mawe.

Uzito unapopungua kwa haraka, hasa unapozidi kilo moja na nusu kwa wiki, kolesteroli iliyokuwa imehifadhiwa katika mafuta ya mwili huachiliwa na ini huitoa kupitia nyongo. Wakati huohuo, mtu asiyekula, au anayekula mlo usio na mafuta hata kidogo, hana kinachoamsha kolesistokinini, kwa hiyo kifuko hakikamuliwi. Nyongo iliyoelemewa inalala mahali pamoja. Ndiyo sababu wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo mara nyingi hupewa dawa iitwayo asidi ya ursodioksikoli kwa miezi sita ya mwanzo ili kuzuia mawe, na wagonjwa wanaolishwa kwa mshipa kwa wiki nyingi hupata tope la nyongo.

Wanawake hupata mawe ya kolesteroli mara nyingi kuliko wanaume, na sababu kubwa ni homoni. Estrojeni huongeza kolesteroli inayotolewa katika nyongo, na projesteroni, ambayo hupanda sana wakati wa ujauzito, hulegeza misuli ya kifuko. Tope linaloonekana kwa mjamzito mara nyingi hutoweka lenyewe baada ya kujifungua. Urithi nao una sehemu yake, kwani aina fulani ya jeni ya ABCG8, moja kati ya jeni mbili zinazotengeneza pampu ya kuitoa kolesteroli katika nyongo, huongeza uwezekano wa mawe kwa wanaoirithi. Basi asilaumiwe kila mwenye mawe kwamba aliyatafuta kwa ulaji wake.

SWALI: Mwanangu wa miaka kumi na miwili ana selimundu na ameonekana kuwa na mawe ya nyongo. Hapendi mafuta kabisa, na ni mwembamba. Tumwachishe vyakula gani?

JIBU: Mama, pole kwa kuuguza. Mawe ya mwanao, kwa kila dalili, ni ya kundi la pili, yale meusi, na hayahusiani na mafuta anayokula. Hakuna chakula cha kumwachisha kwa ajili hiyo, na mtoto mwembamba mwenye ugonjwa wa damu anahitaji kula vizuri.

Chanzo chake ni damu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mwenye selimundu huishi takriban siku 10 hadi 20. Kila chembe inapovunjika, hemoglobini yake huachia hemu, ambayo hugeuzwa kuwa biliverdini na kisha bilirubini. Bilirubini hii mbichi haipatani na maji, kwa hiyo ini huifunga na asidi ya glukuroni ili iweze kumumunyuka, ndipo huitoa katika nyongo. Kwa mtu mwenye afya, bilirubini isiyofungwa katika nyongo ni sehemu ndogo sana ya bilirubini yote. Lakini mzigo wa bilirubini ukiwa mkubwa kupita kawaida, ini hutoa nyingi iliyofungwa nusunusu, na kwa kuwa kimeng'enya cha mwili kiitwacho beta-glukuronidesi hufungua kiasi fulani cha kilichofungwa, kiwango cha bilirubini isiyofungwa hupanda. Hiyo ndiyo inayokutana na ayoni za kalsiamu na kutengeneza kalsiamu bilirubineti, chumvi isiyomumunyuka, ambayo baada ya muda molekyuli zake hushikamana na kuwa polima nyeusi.

Ndani ya mawe hayo hupatikana pia kalsiamu kaboneti na kalsiamu fosfeti. Kwa kawaida kifuko huitia nyongo asidi kidogo, na asidi hiyo huzuia kaboneti isigande. Uwezo huo ukipungua, kaboneti hujitenga. Kwa sababu ya kalsiamu hiyo, karibu nusu ya mawe meusi huonekana kwenye eksirei ya kawaida, wakati mawe mengi ya kolesteroli hayaonekani. Kwa ukubwa huwa madogo, mara nyingi chini ya milimita tano, na hukatika kwa urahisi.

Mawe kama haya hupatikana pia kwa watu wenye magonjwa mengine yanayovunja chembe za damu, kwa wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, na kwa waliougua au kukatwa sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo. Jambo moja litakusaidia utakapozungumza na daktari: macho ya mtoto mwenye selimundu huweza kuwa na umanjano wa kawaida kwake kwa sababu ya damu, lakini umanjano ukizidi ghafla, mkojo ukawa mweusi na kinyesi kikapauka, huenda jiwe limeziba mrija, na hapo hospitali haisubiri kesho. Msikubali pia kuuziwa dawa ya kuyamumunya. Polima hiyo haimumunyuki hata katika vimiminika vya maabara vinavyoimumunya kolesteroli kwa saa chache.

SWALI: Rafiki yangu alikunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau kwa wingi usiku mmoja, na asubuhi alitoa makumi ya mawe ya kijani kwenye choo. Nimeziona picha. Kwa nini hospitali hazitumii njia hii?

JIBU: Kwa sababu yale si mawe ya nyongo. Mwaka 2005 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha taarifa ya mwanamke mwenye mawe ya kweli aliyefuata utaratibu kama huo, akapeleka hospitalini vitu vya kijani alivyovitoa. Vilipochunguzwa maabara havikuwa na umbo la fuwele, viliyeyuka na kuwa mafuta ya kijani baada ya dakika 10 katika joto la nyuzi 40 za Selsiasi, havikuwa na kolesteroli, bilirubini wala kalsiamu, na robo tatu ya uzito wake ilikuwa asidi za mafuta. Linganisha na kolesteroli safi, ambayo huyeyuka katika nyuzi 148 hivi. Maelezo ya wachunguzi ni kwamba vimeng'enya vya tumboni huvunja mafuta ya zeituni na kutoa asidi za mafuta, asidi hizo zikakutana na potasiamu nyingi iliyomo katika maji ya limau, na matokeo yake ni vidonge vya sabuni. Mawe ya mwanamke huyo yalibaki mahali pake, na baadaye aliondolewa kifuko kwa upasuaji.

Historia inaunga mkono hukumu hiyo kwa namna ya pekee. Kolesteroli iligunduliwa mara ya kwanza ndani ya mawe ya nyongo, katika karne ya 18, na mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alipoichunguza upya mwaka 1815 aliitofautisha na mafuta kwa kipimo kimoja: mafuta yakichemshwa na alkali hugeuka sabuni, nayo haikugeuka. Kwa hiyo kipimo cha miaka 200 iliyopita kingetosha kumwonyesha rafiki yako alichokitoa.

Kuna hatari pia. Kunywa mafuta mengi kwa mpigo hukikaza kifuko kwa nguvu, na mrija wake una upana wa milimita chache tu. Jiwe dogo la kweli linaweza kusukumwa na kunasa humo, au kushuka hadi mahali mrija wa nyongo unapokutana na wa kongosho na kusababisha uvimbe wa kongosho, ugonjwa unaoweza kuua.

SWALI: Je, kuna dawa ya hospitali inayoyamumunya?

JIBU: Ipo moja, na ni ile asidi ya ursodioksikoli niliyoitaja. Hupunguza kolesteroli inayotolewa na ini katika nyongo, na nyongo ikiwa haijashiba kolesteroli huanza kuichukua tena kolesteroli kutoka kwenye jiwe, tabaka kwa tabaka. Kemia yake inaeleza pia mipaka yake. Jiwe lazima liwe la kolesteroli, lisilo na ganda la kalsiamu, dogo, ikiwezekana chini ya sentimita moja, na mrija wa kifuko uwe wazi ili nyongo mpya iingie. Huchukua miezi sita hadi miaka miwili, na mawe hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa ndani ya miaka mitano, maana nyongo ni ileile. Kwa maoni yangu inamfaa mgonjwa mmojammoja asiyeweza kufanyiwa upasuaji, na ni vigumu kuitetea kwa wengine.

SWALI: Niliwahi kuwa na jiwe la figo. Nimeacha maziwa na ninakunywa maji mengi. Je, hayo yatanikinga pia na mawe ya nyongo?

JIBU: Ni magonjwa mawili tofauti. Mawe mengi ya figo ni kalsiamu oksaleti iliyojitenga kutoka kwenye mkojo, na maji mengi husaidia kwa sababu huuzimua mkojo. Nyongo haizimuliwi kwa njia hiyo, kwa kuwa kifuko chenyewe hunyonya maji yaliyomo. Na maziwa uliyaacha bila sababu hata kwa upande wa figo, maana kalsiamu ya chakula huishika oksaleti tumboni kabla haijaingia katika damu.

SWALI: Niliondolewa kifuko cha nyongo miaka minne iliyopita. Juzi nimeshikwa na maumivu yaleyale, na daktari anasema kuna jiwe kwenye mrija. Lilisahauliwa?

JIBU: Upasuaji wa kwanza wa kuondoa kifuko ulifanywa na Carl Langenbuch mjini Berlin mwaka 1882, na hoja yake ilikuwa kwamba kifuko kiondolewe kwa sababu kinatengeneza mawe, wala si kwa sababu tu kimeyabeba. Kwa mawe ya kolesteroli na yale meusi hoja hiyo imesimama, kwani huzaliwa kwenye kifuko. Ikiwa jiwe linaonekana kwenye mrija ndani ya miaka miwili baada ya upasuaji, madaktari huhesabu kwamba lilikuwepo tangu mwanzo na halikuonekana. Likija baadaye, kama lako, kuna uwezekano mkubwa kwamba limezaliwa palepale kwenye mrija, na kwa hiyo ni la kundi la tatu, la kahawia.

Hapa wahusika ni bakteria, mara nyingi Escherichia coli, wanaopanda kutoka kwenye utumbo pale nyongo inapopita kwa shida, iwe kwa sababu mrija umebana, umetanuka, au una minyoo. Bakteria hao wana beta-glukuronidesi yao wenyewe, yenye nguvu kuliko ile ya mwili, inayoifungua bilirubini iliyofungwa na ini. Wana pia kimeng'enya kinachoikata lesithini na kuachia asidi za mafuta, hasa asidi ya palmiti. Bilirubini na asidi hizo zote mbili hushikwa na kalsiamu, zikawa kalsiamu bilirubineti na kalsiamu palmiteti, ambazo hujipanga tabaka kwa tabaka pamoja na kolesteroli kiasi na miili ya bakteria wenyewe.

Kwa hiyo usimlaumu aliyekupasua kabla hujajua jiwe lilikuwa la aina gani. Mawe ya namna hii kwa kawaida hutolewa kwa kamera ya mpira inayopitishwa mdomoni hadi kwenye mdomo wa mrija wa nyongo, ambao hupanuliwa ili jiwe livutwe nje. Mwombe daktari alitazame jiwe likishatoka, kwa kuwa likiwa la kahawia atalazimika kutafuta kilichoizuia nyongo isipite sawasawa, bila hivyo jingine litafuata. Ukipata homa yenye kutetemeka na macho ya manjano kabla ya siku uliyopangiwa, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu nyongo yenye bakteria iliyozibiwa njia hupeleka maambukizi katika damu kwa haraka.